Uzi: Vitufe vya OKTAVU kwenye kinanda, vinavyotuaibisha madhabahuni na kwenye harusi

#1, mleta uzi (Uyole)

Wakuu habari za usiku. Huku Uyole baridi imeshuka vibaya mno, vidole havikunjiki, nimetoka mazoezini sa hivi nikasema kabla sijalala nifungue huu uzi maana yaliyonikuta Jumapili iliyopita nimeyabeba kifuani wiki nzima.

Mimi napiga kinanda kwaya ya vijana hapa Mbeya, Jumamosi nakuwa na kabendi ketu ka harusi, tunazunguka Mbalizi, Tukuyu, mara moja moja tunafika Makambako. Kinanda changu ni cha kii 61, kawaida tu kama vya wengi humu. Sasa Jumapili wimbo wa kwanza ulikuwa wa shangwe, mwishoni pale tunaporudia kiitikio nina kalaini ka vayolini napiga juu kabisa, kii zinaniishia, kwa hiyo nabonyeza oktavu + (kitufe kinachofanya kii zile zile zilie juu zaidi) mara mbili, nakapiga, watu vigelegele, safi. Wimbo ukaisha mchungaji akasimama kuomba, maombi yakawa marefu, mimi huku nikabadilisha sauti nikaweka piano nikatulia zangu nikijua nimeshajipanga. Wimbo unaofuata wa toba, taratibu, kanisa zima kimya. Nikagonga utangulizi.

Jamani. Ikatoka kitu kama kengele. Oktavu mbili juu! Maana kwenye kinanda changu ukibadilisha sauti oktavu haijifuti, inabaki ulipoiacha. Na badala ya kuacha nikaendelea, nikajifanya ndo mtindo. Dada anayeongoza sauti ya kwanza naye akaifuata kinanda akatafuta nota yake huko huko nilikompeleka, akaanza oktavu moja juu ya alipozoea, mstari wa kwanza kaufikisha kwa neema tu, wa pili sauti ikakatika. Mwalimu wa kwaya akanigeukia, lile jicho nyie mnalijua. Nje mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, leo ulikuwa unapiga kinanda au unauza askrimu?"

Nikarudi nyumbani nikakaa na kinanda jioni nzima nikagundua kitu. Hivi vitufe tunavibonyeza kama vile ni volyumu, ukiona husikiki unapandisha, ukiona kelele unashusha, halafu unasahau. Wakati oktavu ni SEHEMU uliyokaa kwenye wimbo. Ukihama bila kuangalia, unaenda kukalia kiti cha mtu, iwe besi, iwe mwimbaji, iwe gitaa la solo. Na muda wa kuhama nao una adabu yake. Naomba wapiga kinanda wa nyanda za juu tujadili, kila mtu aseme anavitumiaje akiwa laivu, nani kashaumbuka aseme tu, humu hakuna anayekujua.

#2, mdau wa Makambako

Pole sana mkuu ila nimecheka mpaka chai imenipalia. Kwangu mimi ilikuwa mbaya zaidi maana hata haikuwa oktavu. Sendofu moja, jukwaa giza, taa zile za kuzunguka zinanipiga machoni, nataka kushusha oktavu kumbe nimebonyeza transpozi +1. Bendi iko G mimi niko G sharp. Besi ananiangalia, mimi namwangalia, kila mtu anamuona mwenzake ndo kapotea, na mimi nikazidi kukandamiza kwa kujiamini. MC akasema "muziki umekolea". Tulimaliza ubeti mzima hivyo.

#3, mdau wa Kyela

Samahani wakuu mimi bado mwanafunzi, nina miezi mitano tu. Oktavu na transpozi si kitu kimoja? Maana kwenye kinanda cha kanisani kwetu vyote vina + na −.

#4, mleta uzi

@Kyela usiombe samahani mdogo wangu, hapo ndo wengi tunapochanganya hata wa miaka kumi.

Oktavu ni kuruka semitoni (hatua ndogo ya kii moja kwenda ya jirani) 12 kwa mpigo. C inabaki C, ila ya juu zaidi au ya chini zaidi. Ile A wanayotyunia duniani ni 440 Hz (mitetemo kwa sekunde), ukipanda oktavu moja inakuwa 880, ukishuka inakuwa 220, yaani mara mbili au nusu, ndo maana sikio linaisikia kama nota ile ile. Kwa hiyo ukikosea oktavu hutoki kwenye funguo ya wimbo, utaboa tu kama mimi. Transpozi inahamisha semitoni moja moja, unabonyeza C inalia C sharp, ukikosea hapo umeiacha bendi nzima njia panda kama mdau wa Makambako.

Kitu kingine, kwenye vile vinanda vyenye staili, yaani ngoma na besi vinajipiga vyenyewe, kile kitufe cha oktavu mara nyingi kinahamisha mkono wa kulia tu, kodi (za muziki jamani, siyo za TRA) na staili za kushoto zinabaki palepale. Transpozi ya kinanda kizima inabeba vyote. Kwa hiyo ukitaka kujua umebonyeza kipi, sikiliza besi ya staili, ikihama nayo ujue umegusa transpozi. Na kwenye vinanda vingi ukibonyeza + na − kwa pamoja inarudi sifuri. Hiyo nilikuwa naijua toka zamani ila siku ya kengele akili iliganda.

#5, mdau wa Iringa

Kamweneee! Mimi napiga gitaa la besi hapa Kihesa na huu uzi nimeusubiri miaka. Wapiga kinanda mna dhambi moja kubwa kuliko hiyo ya kupanda juu, ni ya KUSHUKA. Mnasikia sauti nyembamba mnabonyeza − ili "inenepe", halafu mkono wa kushoto mnaushindilia chini kabisa. Waya wangu wa chini kabisa wa E uko kama 41 Hz. Kinanda cha kii 61 kikiwa sifuri, C ya mwisho kushoto iko kama 65 Hz, hapo tayari tuko kitanda kimoja. Ukishusha oktavu moja ile C inakuwa kama 33, umenipita hata mimi chini. Halafu spika zenyewe tunazokodi hizi haziwezi kuitoa 33 Hz vizuri, kinachotoka ni mngurumo tu kama lori la mbao linapanda Kitonga. Fundi mitambo anadhani ni mimi, ananipunguza MIMI. Nyie mnaendelea.

Mpiga kinanda mwenye bendi yenye besi, mkono wa kushoto pumzika. Au panda nao.

#6, mleta uzi

@Iringa hapo umenipiga lakini nakubali nusu. Kuna nyimbo za kuabudu ambazo besi unaingia kiitikio cha pili, ubeti wa kwanza wote hauna kitu chini, mimi nisiposhuka wimbo unaelea. Ila ukishaingia natakiwa nitoke, ni kweli, na hatutoki.

Lori la Kitonga nimelielewa sana hahaha.

Ngoja niongeze kitu kuhusu kusplit maana hapo ndo oktavu ina kazi ya maana kuliko pote. Ukigawa kinanda cha 61, kushoto strings (sauti za vayolini nyingi) kulia piano, mkono wa kulia unabaki na kieneo cha juu tu, piano inalia nyembamba kama ya mtoto, na zile strings za kushoto ziko chini mno zinatoa tope. Dawa yake kulia weka −1, kushoto weka +1. Mikono inabaki mbali mbali lakini sauti zinakutana katikati. Kuna watu wanahangaika na ikwalaiza saa nzima kumbe shida ilikuwa hiyo.

#7, mdau wa Mafinga

Mimi natumia laptop na kakontrola (kibodi isiyo na sauti yake, sauti inatoka kwenye laptop) ka kii 25, bajeti hairuhusu wakuu. Hapo oktavu kwangu siyo pambo ndo chakula, kila baada ya mstari nabonyeza. Tatizo ninalopata ni hili, nikiwa nimeshikilia nota nikabonyeza oktavu + halafu nikaachia, ile nota HAIKATIKI. Inalia tuuuu mpaka nizime programu. Juzi kwenye kichen pati ililia MC akiwa anamuita somo, watu wakadhani ni saundi ya filamu za kutisha.

Pia jingine, kontrola inaniandikia C3 laptop inaniandikia C4, nani mwongo?

#8, mleta uzi

Nota inayoning'inia sababu yake ni hii. Katika midi, yaani lugha ambayo vinanda na kompyuta vinaongea, ambayo ipo toka 1983, kila kii ina namba kuanzia 0 mpaka 127. C ya kati ni 60. Ukiigandamiza kontrola inatuma "60 anza", ukiachia inatakiwa itume "60 acha". Sasa kontrola isiyokumbuka, ukihamisha oktavu katikati inatuma "72 acha" badala ya 60. Laptop inashangaa, 72 mbona haikuwa inalia, na ile 60 hakuna aliyeiambia iache. Vyombo vilivyotengenezwa kwa akili vinakumbuka kii ilianza na namba gani vinaifunga hiyo hiyo. Kama chako hakikumbuki basi sheria yako moja tu, inua vidole kwanza ndo ubonyeze, na pedali usiikanyage. Na tafuta kwenye programu yako kile kitufe cha dharura, wengi wameandika PANIC, kazi yake ni kunyamazisha nota zote. Kiweke karibu.

C3 na C4 wote wakweli. Yamaha wanaiita C ya kati C3, Roland wanaiita C4, namba ni ile ile 60. Wewe amini namba tu, majina achana nayo.

#9, mdau wa Njombe

Vijana hamjambo. Mimi ni mtu mzima kidogo, nimepiga kinanda kanisani tangu kile cha kukanyaga upepo kwa miguu. Naomba niwaambie hizi 16, 8, 4 mnazoziona kwenye sauti za ogani zimetoka wapi, maana nimewasikia vijana wangu hapa wakisema ni "levo za besi".

Ni futi. Kwenye ogani ya mabomba, bomba la C ya chini kabisa ya kibodi lilikuwa na urefu wa karibu futi 8, ndo sauti ya kawaida. Bomba la futi 16 linalia oktavu moja chini, la futi 4 oktavu moja juu, futi 2 oktavu mbili juu. Urefu ukizidi mara mbili sauti inashuka oktavu. Hammond walipoleta ogani yao ya umeme 1935 wakabaki na futi zilezile kwenye vile vijiti vya kuvuta, na Minimoog, sinthi (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) ya 1970, nayo swichi yake ya oktavu imeandikwa 32, 16, 8, 4, 2. Hakuna bomba hata moja mle ndani, lakini futi zimo.

Faida yake kwenu ni hii. Sauti ya ogani ambayo 16 imevutwa tayari ina oktavu ya chini ndani yake. Ukiipiga halafu ukabonyeza − tena, umeshuka mara mbili bila kujua. Ndipo huyo kijana wa besi analia.

#10, mleta uzi

Shikamoo mzee wetu. Kumbe! Mimi miaka yote nimeamini ile 8 ni idadi ya kitu fulani. Ndaga fijo.

#11, mdau wa Tukuyu

Marahaba mtakaonisalimia 😄 natania. Mimi ni dada, napiga kinanda, na mnaongea sana lakini hamjasema namna ya kubonyeza, yaani SAA NGAPI na kwa mkono upi.

Kwenye sinthi nyingi vile vitufe viko kushoto, juu ya yale magurudumu ya kupinda sauti. Hiyo siyo bahati mbaya, mkono wa kushoto ndo unaotoroka kirahisi. Kwa hiyo kwenye solo mimi nafanya hivi. Napanda na laini mpaka kii ya mwisho, C ya juu kabisa, naishikilia kulia. Ikiwa inalia, kushoto nabonyeza +. Kwenye chombo kinachokumbuka (kama alivyoeleza mleta uzi) ile C inaendelea kulia vilevile haishtuki, ila nota MPYA zote zinatoka oktavu ya juu. Kwa hiyo narudisha vidole chini oktavu moja, naachia C naendelea kupanda. Msikilizaji anasikia laini moja ndefu haina mwisho, anajiuliza huyu dada kinanda chake kina kii ngapi. Kwenye kii 37 au 49 ndo kunoga zaidi. Ila jaribu nyumbani kwanza, kuna vyombo vinakata sauti ukibonyeza.

Kurudi chini ndo watu wanaposahau. Mimi nilijiwekea kwamba kila + ina − yake kwenye wimbo huo huo, na naibonyeza pale waimbaji wanapovuta pumzi, siyo wimbo ukiisha. Wimbo ukiisha kuna makofi, kuna mchungaji, kuna mtu anakupa maji, unasahau. Si ndo yaliyokukuta?

Na kitu ambacho nakishangaa hamjakitaja ni memori. Kinanda chenye vitufe vya kuhifadhi mipangilio, hifadhi piano sifuri kwenye 1, strings +1 kwenye 2, ile laini yako ya vayolini +2 kwenye 3. Kwenye vingi oktavu inahifadhiwa humo pamoja na sauti. Halafu laivu hugusi oktavu kabisa, unagusa 1, 2, 3. Kengele ya askrimu isingetokea.

#12, mdau wa Makambako

Dada wa Tukuyu umemaliza. Mimi ya memori nilikuwa naitumia kwa staili tu, kumbe na oktavu inaingia. Tahadhari moja tu, umeme. Ukikatika ukarudi, kinanda kinaamka na oktavu sifuri, transpozi sifuri, sauti ya piano ya kiwandani. Sisi hapa tumewahi kukatikiwa katikati ya kiitikio, jenereta likawashwa, nikaendelea kupiga kama vile niko −1 kumbe niko sifuri. Siku hizi umeme ukirudi kitu cha kwanza nagusa memori 1 hata kama sijui tulikuwa wapi.

#13, mdau wa Mafinga

Swali la mwisho, vipi kutumia gurudumu la pichi (lile la kupinda sauti juu na chini) kurukia oktavu? Nimeona jamaa anafanya mtandaoni inavutia sana.

#14, mdau wa Tukuyu

Inawezekana, gurudumu kwa kawaida limewekwa semitoni 2 juu na 2 chini, unaingia kwenye mipangilio unaweka 12, ukisukuma mpaka mwisho imepanda oktavu nzima. Tofauti yake na kitufe ni kwamba inateleza, inapita kwenye nota zote za katikati kama ving'ora, na ukiachia inarudi yenyewe, kwa hiyo huwezi kusahau juu. Kwa sauti ya lidi (ya kupigia solo) ya nota moja moja ni tamu. Kwa piano usijaribu, piano haitelezi, itasikika kama kaseti iliyoliwa na redio. Na ukishaweka 12, ile mipindo midogo midogo ya semitoni moja inakuwa migumu kuipata maana mguso mdogo tu umeshafika mbali. Mimi naweka 12 kwenye sauti moja tu, zingine zinabaki 2.

#15, mdau wa Iringa

Na mkipanda sana juu mjue sauti nyingi za kwenye hivi vinanda ni rekodi za vyombo halisi, zimerekodiwa kwenye eneo la chombo chenyewe. Ukilipeleka gitaa oktavu mbili juu ya lilipozaliwa linavutwa tu, linalia kama panya kabanwa mlangoni. Saksafoni ukiishusha mbili inakuwa ng'ombe. Nimemaliza, sina ugomvi na mtu.

#16, mleta uzi (Jumapili jioni)

Wakuu narudi na mrejesho. Ijumaa nilikaa na kinanda nikahifadhi nyimbo zote tatu za leo kwenye memori kama dada wa Tukuyu alivyoelekeza, na kwenye kinanda nimebandika plasta nyekundu pembeni ya transpozi ili gizani kidole kijue kimekosea njia. Kushoto nimeuachia besi kiitikio chote, jamaa wa besi baada ya ibada akanifuata akaniuliza kama naumwa.

Vayolini +2 ilitoka, mchungaji akasimama, maombi yakawa marefu kuliko ya wiki iliyopita, nikagusa 1. Kabla sijaanza utangulizi wa wimbo wa toba, yule dada wa sauti ya kwanza akaacha mstari wake, akaja mpaka kwenye kinanda, akainama akaangalia kioo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Iko sifuri?" Nikamwambia iko sifuri. Akasema "Gonga moja nisikie." Nikagonga. Ndo akarudi kwenye nafasi yake.